UZI: Shirika la kati linataka elfu nane kwa kila mtambo wa biogesi. Tuwalipe au twende kwa fundi moja kwa moja?

Mfugaji wa Njoro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Niko kwenye kamati ya ushirika wetu wa maziwa huku Njoro, kaunti ya Nakuru. Wanachama wamechoka na kuni, makaa yamepanda, na mtungi wa gesi siku hizi unajazwa kwa kuhesabiana. Mkutano uliopita ulipitisha kwamba sacco yetu iwakopeshe wanachama wajengewe mitambo ya biogesi, ile gesi ya kupikia inayotokana na samadi, na mkopo ukatwe kwenye pesa ya maziwa mwisho wa mwezi. Hadi hapo hakuna aliyebisha.

Ubishi ulianza walipokuja watu wa shirika moja, jina naliweka kando. Hawajengi mitambo, hawauzi vifaa, hawakopeshi. Wanasema wao ni wa kuunganisha: watakagua kila boma kama lina ng'ombe na maji ya kutosha, watatuletea mafundi waliofunzwa, watasimamia ujenzi, watafundisha watu kuulisha mtambo na watafuatilia baadaye. Kwa kazi hiyo wanataka elfu nane kwa kila mtambo, iingizwe kwenye mkopo wa mwanachama.

Nusu ya kamati inasema hawa ni wa kula katikati kama kawaida. Nusu nyingine inasema bila wao tutajenga mashimo. Mwenyekiti wetu, mzee ambaye huwa haongei sana, aliwauliza swali moja tu: mkiondoka leo, ni nini hasa kitakosekana hapa? Afisa akaanza habari za ubunifu na mageuzi ya kijani, akazunguka hadi watu wakaanza kutazama saa.

Mimi naona kazi ya kati ipo, tena ni kazi halali. Nisichojua ni kama elfu nane inanunua kazi hiyo au inanunua mikutano. Walio na uzoefu, hasa wa Nyanza na Magharibi ambako miradi imepita kama mvua, tusaidieni.

Kipara Kavu

Wanachama mia mara elfu nane ni laki nane. Kwa kumpigia fundi simu! Hiyo kazi nipeni mimi, simu ninayo.

Fundi wa Kuba

Mimi ni fundi wa hii mitambo, niko Kakamega. Nilifunzwa kwenye ule mpango wa kitaifa wa biogesi ulioanza 2009 kwa pesa za Uholanzi. Mashirika ya Kiholanzi, Hivos na SNV, waliusimamia kutoka juu, na humu nchini uliwekwa chini ya muungano wa wakulima, KENFAP. Kwa hiyo mimi mwenyewe ni zao la watu wa kati, msinishangae nikiwatetea kidogo.

Nikwambie kinachoua mtambo. Mara chache ni ujenzi. Kuba, lile paa la mviringo la shimo la samadi, likipigwa plasta vizuri, tabaka juu ya tabaka, na udongo ukarudishiwa juu yake, linakaa miaka. Kinachoua ni vitu vya kijinga. Gesi ikitoka shimoni ina unyevu, unyevu unapoa ndani ya bomba na kuwa maji, maji yanajikusanya pale bomba lilipolegea. Moto unaanza kurukaruka, unazima, unawaka, unazima tena. Mama anasema mtambo umekufa, anarudi kwa kuni. Kumbe kuna koki ndogo chini ya bomba, ukiifungua maji yanatoka kikombe kimoja na moto unarudi buluu. Nimeitwa kwenye boma ambako mtambo ulikuwa umeachwa msimu mzima kwa sababu ya hicho kikombe cha maji.

Au unakuta wanamwaga samadi kavu bila kuikoroga. Inatakiwa ndoo ya samadi kwa ndoo ya maji. Au walijengewa shimo kubwa na ng'ombe wenyewe wanachungwa, samadi yote inabaki malishoni.

Sasa jiulize, nani anarudi kuangalia? Mimi nikimaliza kazi nimelipwa nimeondoka. Siwezi kutoka hapa hadi Khwisero kwa nauli yangu kwenda kufungua koki ya mtu. Muuza vifaa naye ameuza. Sacco inaangalia makato tu. Hapo katikati pana pengo, na ndilo mwenyekiti wenu aliuliza bila kujibiwa.

Kipara Kavu

Basi waandikieni kwenye karatasi: moto ukirukaruka fungua koki. Elfu nane imeokolewa.

Fundi wa Kuba

Karatasi huwa ipo. Iko kwenye faili sebuleni. Anayelisha mtambo ni kijana wa boma aliyeajiriwa mwezi uliopita.

Odera wa Dunga

Mimi niko Kisumu na nitasema bila kupepesa. Huku ziwani tumeona mashirika ya kati ya kila rangi. Gugumaji limetukalia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kila baada ya muda anakuja mtu na wazo: mbolea, vikapu, makaa, gesi. Wazo halina ubaya. Lakini kati ya mwenye pesa na sisi wa ufuoni kuna ofisi, gari, na mtu wa kupiga picha. Siku ya uzinduzi fulana zinatosha kijiji kizima. Mwaka wa pili ukiuliza mashine iko wapi unaambiwa awamu imeisha.

Awamu imeisha! Njaa yetu haina awamu.

Na mniambie, kwa nini hao wa kati hawawezi kuishi bila mfadhili kama kazi yao ina faida hivyo?

Mwanafunzi wa Kudumu

Odera, swali lako la mwisho lina jibu. Kazi ya kati faida yake inaangukia watu wengi kidogokidogo, kwa hiyo hakuna mmoja anayeona sababu ya kuilipia peke yake. Chukua vifaa vya sola. Sheria ya VAT ya 2013 iliviingiza kwenye kodi, mwaka uliofuata vikatolewa. 2020 kodi ikarudishwa, 2021 ikaondolewa tena. Nani alikuwa akibisha hodi Bungeni na Hazina? Vyama vya sekta kama KEREA, chama cha wafanyabiashara wa nishati jadidifu. Muuza paneli wa Siaya hana muda wala nauli ya kwenda Nairobi kutetea kifungu cha sheria, lakini bei ya paneli yake ilitegemea kifungu hicho.

Au zile taa ndogo za sola. Kuna wakati soko lilijaa takataka, unanunua taa sokoni Kibuye leo, wiki ya pili haiwaki, na jirani yako aliyekuona anaapa hatagusa sola tena. Benki ya Dunia na IFC, tawi lake la sekta binafsi, kupitia mpango wa Lighting Africa walianza kupima taa na kuweka viwango, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za majaribio. Hawakuuza taa hata moja. Walisaidia taa nzuri itofautike na mbovu.

Kidogo cha darasani, nitakuwa mfupi. Watafiti wa haya mageuzi, Paula Kivimaa na wenzake kwenye makala ya 2019, wamewaweka watu wa kati mafungu matano. Kuna wanaotaka mfumo mzima ubadilike. Kuna waliotoka ndani ya mfumo uliopo, kama taasisi ya serikali iliyopewa kazi ya kubadilisha mambo. Kuna wanaolea teknolojia changa. Kuna wanaosukuma mradi mmoja hatua kwa hatua bila kuleta ajenda yao. Na kuna wanaosimama upande wa mtumiaji. Mkuu wa Njoro, naona shirika lako linajinadi kama fungu la kwanza, ilhali ninyi mnahitaji la nne na la tano. Ndiyo maana afisa alishindwa kumjibu mzee.

Kipara Kavu

Ulisema utakuwa mfupi.

Nyar Mbita

Mimi nimekua karibu na kituo cha ICIPE, wale watafiti wa wadudu, pale Mbita, Homa Bay. Mnaijua ile njia ya kilimo ya sukuma-vuta? Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na majani ya nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu inamfukuza nondo anayezaa kiwavi wa kutoboa bua, nepia inamvuta aende akatagie huko. Na mizizi ya desmodiamu inafanya mbegu ya kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi, iote kisha ife kwa kukosa mzizi wa mahindi wa kunyonya. Ilianzia kwa wanasayansi miaka ya 1990, wakishirikiana na watafiti wa mahindi wa hapa Kenya na wale wa Rothamsted, Uingereza.

Sayansi ilikuwa nzuri, lakini sayansi haitembei yenyewe. Kilichoitembeza ni wakulima walimu: mkulima ambaye shamba lake limeshakubali anapewa jukumu la kufundisha wenzake, na siku za shambani watu wanakuja kuona kwa macho. Mama yangu mdogo hakushawishiwa na afisa yeyote. Alishawishiwa na shamba la mwenzake wa kikundi, mahindi yamesimama na kayongo hakuna, ng'ambo ya ua, kwake yeye, maua ya zambarau ya kayongo tupu.

Halafu ikaja shida ambayo hakuna mwanasayansi aliyeiwaza usiku: mbegu ya desmodiamu. Watu wanataka kupanda na mbegu haipatikani, au bei inauma. Ikabidi wakulima wafundishwe kuzalisha mbegu wenyewe na kampuni ya mbegu iingizwe. Hiyo ndiyo kazi ya kati ninayoijua mimi, kukimbilia pale kamba inapokatikia. Huwezi kuiandika yote kwenye mkataba mapema kwa sababu hujui itakatikia wapi.

Kwa hiyo kaka, waulize hao watu: kati ya wafanyakazi wenu, yupi anafuga ng'ombe?

Mfugaji wa Njoro

Dada Nyar Mbita, hilo la mwisho nitawauliza hivyohivyo.

Odera, nimekuelewa, lakini sisi si mradi. Ushirika ulikuwepo na utakuwepo. Hofu yangu ni kwamba hatuna mtu wa kazi hiyo. Karani wetu anajua kupima maziwa kwa kipimo cha kuelea, hajui mambo ya kuba.

Nakuru Mjini

Mkuu, mbona unaangalia mbali na mfano uko hapa kwenu? Nawasscoal. Kampuni ya maji ya Nakuru iliingia kwenye mpango wa usafi pamoja na SNV, Umande Trust, Chuo Kikuu cha Egerton na wengine, pesa nyingi zikitoka Umoja wa Ulaya. Uchafu wa vyoo unakaushwa, unachomwa kuwa kaboni, unachanganywa na vumbi la mbao lililochomwa pia na molasi, unafinyangwa vidonge vya makaa. Havinuki, nimevitumia kuchoma nyama na wageni wakala bila kujua.

Ninachotaka uone ni kwamba walikuwepo mashirika ya kati wengi pale mezani, lakini kitu chenyewe kilipewa nyumba ndani ya kampuni ya maji, ambayo vyoo vikijaa ni shida yake kesho na keshokutwa. Mashirika yakipungua, mwenye shida yupo. Angalia nyumba kwanza, halafu ndio uangalie mgeni.

Mama wa Subukia

Na mimi niseme la jikoni. Hawa wa kati wakija wanakutana na nani? Kamati. Kamati ni wanaume, samahani mwenyekiti. Jina la mwanachama kwenye maziwa ni la baba, hati ya shamba ni ya baba, mkopo unatiwa saini na baba. Atakayekoroga samadi na kupika juu ya hicho kichomeo hakuwepo.

Kule Magharibi miaka ya 1990 kulikuwa na jiko la kuni la Upesi, lenye ganda la ndani la udongo wa kuchoma unalolijengea jikoni. ITDG, ambao sasa wanaitwa Practical Action, walipitia kwa vikundi vya akina mama wafinyanzi. Wafinyanzi walikuwa ni wapishi pia, kwa hiyo kasoro ya jiko ilirudi kwa mtengenezaji jioni ileile. Mafunzo yenu yafanyieni jikoni, si kwenye ukumbi wa ushirika.

Mwana Bungoma

Nimesoma uzi wote na hakuna aliyeuliza swali la muhimu. Mkataba unasemaje kuhusu kaboni, yaani pesa inayolipwa kwa kupunguza hewa chafu?

Niwape historia. Huku kwetu Bungoma, na upande wa Kisumu, Vi Agroforestry ya Uswidi iliendesha mradi wa kaboni ya kilimo. Wakulima wapata elfu sitini kwenye hekta kama 45,000, na mnunuzi alikuwa mfuko wa BioCarbon wa Benki ya Dunia. Watu walitandaza masalia ya mazao, walitengeneza mboji, walipanda miti. Mwaka 2014 ukawa mradi wa kwanza duniani kupata hati za kaboni kwa njia mpya ya kupimia utunzaji wa mashamba.

Mkulima wa ekari moja hawezi kuuza kaboni yake, hilo lieleweke. Kupima udongo wa kila shamba kungekula pesa yote kabla haijafika. Ujanja ulikuwa vikundi kuandika walichofanya shambani, takwimu zikakusanywa kwa sampuli, na modeli ya kompyuta ikakadiria kaboni. Kukusanya zile fomu kutoka kwa watu wote hao, hiyo ni kazi ya kati, na mimi sikatai kwamba ilifanyika. Pesa yenyewe ya kaboni ukiigawa kwa kichwa ni ya sabuni. Faida kubwa ilikuwa mavuno.

Lakini ndipo nilipojifunza kusoma ukurasa wa mwisho. Biogesi nayo inatoa hati za kaboni, kwa sababu kuni hazichomwi na samadi haiozi wazi. Shirika linalounganisha mitambo mia mbili, mia tano, elfu moja, linaweza kuwa linakusanya kaboni. Elfu nane yaweza kuwa ni chai tu. Mkuu, hebu soma huo mkataba tena.

Odera wa Dunga

Naleta kiti.

Mfugaji wa Njoro

Nimerudi. Kifungu kipo, ukurasa wa pili kutoka mwisho, maandishi madogo: mwanachama anakabidhi kwa shirika "haki na manufaa yote" ya kupunguza hewa chafu kutokana na mtambo, kwa muda wote mtambo utakapokuwepo. Kwenye kikao hakuna aliyetaja neno kaboni. Nimempigia mwenyekiti, amenyamaza kidogo kisha akaniambia nimsomee tena polepole.

Odera wa Dunga

Nilisema mimi. Wanalipwa na ninyi, wanalipwa na mnunuzi, na afisa analipwa posho ya kuja kuwaeleza. Fukuzeni.

Hesabu Mezani

Msifukuze kwanza. Mimi ni mhasibu, naona kitu tofauti kabisa.

Hati ya kaboni inalipwa kwa mtambo unaofanya kazi. Wakaguzi wakija wanachukua sampuli ya maboma na kuangalia kama jiko linawaka. Mtambo uliokufa hautoi kitu. Maana yake hilo shirika, kama lina kaboni, ndilo lenye sababu kuliko mtu yeyote ya kurudi kufungua ile koki ya Fundi wa Kuba, mwaka baada ya mwaka. Elfu nane ya mwanzo haiwapi sababu hiyo. Ikishalipwa, boma likiwa na gesi au likiwa na shimo, kwao ni sawa.

Kwa hiyo kosa la mkataba wenu ni mpangilio wa pesa. Wanalipwa mapema kwa kazi ya baadaye, na wanachukua kwa siri malipo ambayo yangewashikilia kwenye kazi. Geuzeni. Kaboni iwekwe mezani, igawanywe, na sehemu yao ndiyo iwe mshahara wa ufuatiliaji. Ada ya mwanzo ibaki ndogo, ya ukaguzi wa boma tu, na ilipwe hata kwa boma walilolikataa. Mkiwalipa kwa boma lililojengwa pekee hawatamkataa mtu, hata mwenye ng'ombe mmoja anayechungwa.

Mwana Bungoma

Umenena. Na mna sheria ya kushikilia. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikishatolewa, kwa miradi ya ardhi, na asilimia 25 kwa isiyo ya ardhi. Biogesi naiweka kundi la pili. Waulizeni mradi wao umesajiliwa wapi na hiyo sehemu ya jamii iko wapi. Wakigugumia, mmejua.

Fundi wa Kuba

Nakubaliana na mhasibu, ila niongeze la mafundi. Mtu huyohuyo asituchague sisi, atukague sisi, na apokee bakshishi ya vifaa. Nimefanya kazi mahali ambapo fundi hapati kazi hadi anunue mabomba na vichomeo kwa muuzaji fulani, na bei imeongezwa. Anayelipia ni mkulima, na haoni.

Mwanafunzi wa Kudumu

Hilo ni kweli kila mahali. Mtu wa kati anaaminika kwa sababu hana upande. Siku akianza kupata asilimia kwa muuzaji amekuwa wakala wa mauzo, na hakuna ubaya kuwa wakala, mradi ajitambulishe hivyo.

Mfugaji wa Njoro

Wakuu, asanteni. Nimekaa na mwenyekiti na mhasibu wetu, tumeandika haya ya kupeleka kwao:

Ada ya mwanzo ni elfu mbili ya kukagua boma, ijengwe isijengwe. Sacco inalipa fundi moja kwa moja kwa hatua, na hatua ya mwisho inalipwa baada ya jiko kuwaka mwezi mzima. Shirika linatangaza kwa maandishi kila linachopata kwa muuza vifaa. Haki za kaboni zinabaki kwa mwanachama, ushirika unaziuza kwa niaba yao, na shirika linapata sehemu yake kila mwaka kwa hesabu ya mitambo inayowaka. Mafunzo ni jikoni, na anayelisha mtambo lazima awepo. Karani wa kila kituo cha kukusanyia maziwa atawauliza wanachama kila wiki kama moto unawaka, kwa sababu anakutana nao kila asubuhi hata hivyo. Wakikataa, tunaanza wenyewe na mitambo michache na fundi mmoja wa kuajiri nusu muda.

Kipara Kavu

Karani aongezewe kitu. Mnampa kazi ya shirika zima kwa mshahara wa kupima maziwa.

Mfugaji wa Njoro

Kweli. Itoke kwenye fungu la kaboni, au elfu mbili ipande kidogo. Tutalijadili.

Mama wa Subukia

Na mwanachama akiuza ng'ombe kulipa karo, mtambo ukazima, unahesabiwa umekufa kwa kosa la nani? Shirika litasema si letu, sacco itasema mkopo uko palepale, na maziwa ya kukata hayapo tena. Andikeni hilo kabla hamjatia saini.

Mfugaji wa Njoro

Hilo halimo kabisa. Naliongeza leo. Mwenye mfano wa sacco iliyolitatua aniwekee hapa kabla ya Alhamisi, ndiyo siku ya kikao.